Kwa nini msimulizi wa "Peponi" hamlilii Yusuf?

Tuliposimulia hewani kisa cha riwaya ya Peponi, swali lililorudi mara nyingi kutoka kwa wasikilizaji wetu halikumhusu Yusuf mwenyewe. Lilimhusu anayemsimulia: mbona hana huruma? Mtoto wa miaka 12 anaondolewa kwao kwa sababu ya deni la baba yake, na msimulizi anaendelea kana kwamba anasoma bei za mahindi.

Swali ni zuri. Jibu lake limo katika namna kitabu kilivyoandikwa.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na riwaya hii aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Kisa kinatokea miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani, na kinapita jirani na sisi: msafara wa biashara anaofuatana nao Yusuf unatoka pwani, unavuka ziwa na kufika Marungu. Hiyo ni nchi ya kweli, milima iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, karibu mkabala na Karema.

Sasa turudi kwa msimulizi. Chukua tukio la mtoto kusafirishwa kwa treni, tuliweke hapa kwetu, stesheni ya Mpanda, tulisimulie kwa namna mbili. Mifano hii ni yetu, haimo kitabuni.

Ya kwanza: "Mtoto maskini, aliyesalitiwa na baba asiye na utu, alipandishwa treni ya Kaliua huku moyo wake ukivuja damu."

Ya pili: "Baba alimpa mtoto kifurushi. Treni ikapiga honi. Mtoto akatafuta kiti cha dirishani."

Katika ya kwanza kazi yote imeshafanywa. Umeambiwa nani mbaya, nani wa kuonewa huruma, na wewe msomaji umebaki kuitikia tu. Katika ya pili hakuna neno hata moja la hisia. Angalia ile "-ka-": ikapiga, akatafuta. Inapanga matendo moja baada ya jingine bila kutoa sababu. Kinachouma ni kwamba mtoto anafurahia dirisha, nawe unajua asilolijua.

Gurnah yuko karibu na namna ya pili. Msimulizi wake anatumia nafsi ya tatu, lakini mara nyingi anasimama pale aliposimama mtoto na kuona yanayoonwa na mtoto. Yusuf ana njaa, kwa hiyo tunasikia habari za chakula. Tajiri Aziz akija kuwatembelea humpa sarafu, kwa hiyo tunaisubiri pamoja naye. Siku ya safari, mambo makubwa ya watu wazima yanapita juu ya kichwa chake. Msimulizi hasemi kwamba wazazi wametenda ubaya. Anatujulisha tu wazo ambalo halikumjia Yusuf kabisa, kwamba huenda hatawaona tena. Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito kuliko kwingine kote: huzuni inaletwa kwa kutaja wazo ambalo halikuwepo.

Uamuzi mwingine ni wa jina. Yusuf amefundishwa kumwita Aziz kwa neno la Kiingereza ambalo hujumlisha mjomba, baba mdogo na ami (Waingereza hawana taabu ya kuwatenganisha). Akifika pwani, Khalil, kijana mwingine anayetumikishwa dukani kwa sababu ya deni la baba yake, anamweleza bila kupamba kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Ni kile tunachokiita kuwekwa rehani, ila badala ya shamba au ng'ombe ni mtoto. Msimulizi mwingine angebadilisha jina palepale na kuanza kumwita mdai au bwana. Huyu anaendelea kulitumia jina la ujamaa. Kila linapojitokeza, msomaji anasikia uongo wake, na hakuna aliyemwonyesha kwa kidole.

Lawama zenyewe zimo, ila zimewekwa midomoni mwa wahusika. Khalil anakebehi, wafanyabiashara wanajisifu, Chatu anawashutumu wageni kwa mabaya yaliyoletwa na misafara. Msimulizi hamkatizi yeyote wala haamui kesi. Tukubali kwamba hili linachosha baadhi ya wasomaji, hasa katikati ya safari, ambapo mazungumzo ni mengi na ungependa mtu mmoja aseme ukweli uko wapi.

Ukurasa wa mwisho unakuta Yusuf ameshakuwa kijana. Askari wa Wajerumani wamepita wakikamata watu wa kuwabebea mizigo, wakaondoka. Yeye walimkosa. Nyuma yake anasikia kitu kama milango ya bustani ikifungwa kwa komeo. Anageuka mara moja, kisha anakimbia kuwafuata askari, macho yakimwasha. Kama ni machozi au ni vumbi la njiani, msimulizi hasemi.