Madaktari wa saratani wasisahauliwe katika mipango ya maafa

Shangazi yangu alipomaliza tiba ya mionzi, jirani mmoja alikataa katakata kukinywea kikombe alichokitumia. Alidhani mionzi huambukiza. Nikiwa mwanaisimu, nililaumu lugha, kwani neno hilo moja twalitumia kwa kiponyacho na kwa kiangamizacho. Aliyetutoa gizani ni daktari wake wa saratani. Alitueleza kwamba miale ya mashine ile hupita mwilini isibaki. Kiwezacho kuenea kutoka mtu hadi mtu ni vumbi la madini yatoayo mionzi.

Laiti maelezo kama hayo yangaliwafikia mapema wakazi wa Goiânia, nchini Brazil! Mnamo Septemba 1987, waokota vyuma waliivunja mashine ya kutibu saratani iliyoachwa katika kliniki iliyohamwa. Unga uliong'aa samawati ukagawiwa jamaa na majirani kama kitu cha ajabu. Watu wanne walikufa, 249 wakakutwa wamechafuliwa na unga huo, na zaidi ya 100,000 wakapimwa. Mtoto wa miaka sita alipozikwa, umati ulizuka kuyapinga maziko yake.

Hapo hapakuwa na kinu cha nyuklia. Basi asituambie mtu kwamba, maadamu Kenya haijajenga kinu, jambo hili halituhusu. Mashine za tiba ya mionzi tunazo.

Kwa nini daktari wa saratani? Mionzi mikali huushambulia uboho, kiwanda cha damu mwilini. Mgonjwa hukosa kinga, na hata kijidudu kidogo chaweza kumwua. Hali hiyo mabingwa wa saratani huikabili kila siku kwa wagonjwa wanaotumia dawa kali. Baada ya mlipuko wa Chernobyl mwaka 1986, watu 134 waliugua ugonjwa wa mionzi na 28 wakafa mwaka huo huo. Waliopandikizwa uboho ni 13, na wengi wao hawakupona. Kujua nani apandikizwe na nani asaidiwe kwa dawa na damu ni kazi ya bingwa, si ya kubahatisha. Ndiyo maana Marekani, tangu mwaka 2006, imekuwa na mtandao wa hospitali za kupandikiza uboho uliojiandaa kwa maafa ya aina hiyo.

Rai yangu ni kwamba kila kamati ya maafa nchini iwe na daktari wa saratani, naye apewe nafasi ya kuuelimisha umma kwa Kiswahili kabla ya siku ya msiba. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari.