Msichome mabua ya mpunga: ngombe watayatafuta mwezi wa nane

Wandugu wanamemba wa kooperative, kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, tunaona moshi juu ya mashamba ya Bonde la Ruzizi. Mpunga umevunwa, mabua yanachomwa. Kufika mwezi wa nane, ngombe wanazunguka kwenye udongo mtupu, mbavu zinahesabika. Mwezi wa tisa masomo yanaanza, na mfugaji anapashwa kuuza mmoja juu ya minervali. Ngombe aliyekonda hana bei.

Tupige hesabu kwanza. Ngombe wa kilo 250 anakula karibu kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni kilo 540. Kama bado anapata nusu malishoni, mumuwekee kilo 270. Ukiona mabua yako hayatoshi, uza mmoja sasa, angali mnene, kuliko kungoja wote wakonde. Na asiye na shamba la mpunga asikilizane na jirani: huyu atoe mabua, yule atoe samadi. Hata ugomvi wa ngombe kuingia mashambani utapungua.

Kutayarisha mabua

Mabua peke yake yanajaza tumbo, lakini hayana nguvu. Urea, ile mbolea ya shambani, inayalainisha na kuongeza protini. Kwa kilo 100 za mabua makavu:

1. Pima kwa kilo, si kwa macho: urea kilo 5, maji litri 50 (bidoni mbili na nusu za litri 20).
2. Yeyusha urea yote ndani ya maji mpaka isionekane tena.
3. Panga mabua ndani ya shimo lenye plastiki, tabaka kwa tabaka. Nyunyizia kila tabaka kwa arozuari, kisha kanyaga sana.
4. Funika kwa shitingi, weka udongo juu. Hewa isiingie. Ngojeni siku 21.
5. Toeni ya siku moja tu, muianike mpaka kesho yake ndio mumpe. Muanze na kidogo, muongeze polepole kwa wiki moja ama mbili.

Kila siku kuwe na chumvi, na maji litri 20 mpaka 40 kwa ngombe mmoja. Ngombe mwenye kiu hali chakula kikavu. Majani ya viazi vitamu na ya maharagwe nayo musiyatupe.

Urea inaua

Hapa kuko kosa letu wenyewe. Katika kooperative moja tulifundisha vizuri kuchanganya, lakini hatukusema mfuko uwekwe wapi. Mama mmoja aliuacha karibu na zizi. Ngombe wake wa maziwa aliulamba, na jua halijazama alikuwa amekufa. Tangu siku ile tunaanza somo na mfuko.

Kwa hiyo: urea ifungiwe ndani ya nyumba. Maji yake yasiachwe ndani ya ndoo. Musimpe ndama wa chini ya miezi 6, nguruwe, wala kuku. Ngombe akianza kutetemeka, kuvimba na kutoa mapovu, muite munganga wa mifugo mbio; hakuna saa ya kungoja.

Mbele ya mkutano wenu ujao, kila mmoja ahesabu ngombe zake na mafungu yake ya mabua, alete hesabu hizo mbili. Tutaanzia pale.