Majarida kwenye uwanda wa juu wa Makonde na chini yake: nakala, deni na msimu wa korosho

Ugumu wa kusambaza majarida Ndanda, Masasi na Newala hautokani na uhaba wa wasomaji. Wabenedikti walifika Ndanda mwaka 1906, na kando ya abasia yao zimekua hospitali, shule na Ndanda Mission Press, iliyochapa vitabu vingi vya Kiswahili. Kinachosumbua ni umbali na fedha. Majarida mengi huchapwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, nayo fedha ya mkulima huja kwa msimu.

Uamuzi wa kwanza wa msambazaji ni idadi ya nakala. Toleo jipya likitoka, nakala za zamani hazinunuliki, na gharama ya kuzirudisha kwa basi huweza kumeza faida yote. Marekani kwa muda mrefu ilikuwa desturi kurudisha jalada tu kama uthibitisho kwamba nakala haikuuzwa. Kwa njia ndefu kama ya kusini, makubaliano ya namna hiyo yangefaa sana.

Mgumu zaidi ni uamuzi juu ya deni. Mawakala wadogo huchukua mzigo kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza. Minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU huanza kwa kawaida Oktoba, na chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima huweka korosho ghalani na hulipwa baada ya mnada. Hivyo wakala anayedaiwa Aprili si lazima awe mdanganyifu. Huenda wateja wake wameishiwa. Kumkata kabisa ni kupoteza meza yake ya kuuzia na wasomaji wake. La busara ni kusimamisha deni jipya, kumwachia nakala chache za fedha taslimu, na kupanga deni la zamani lilipwe wakati wa korosho.

Barabara nayo huamua. Mei 2024 mafuriko yalikata njia ya Lindi eneo la Somanga. Katika hali kama hiyo gazeti la habari lililochelewa heri lisitumwe, lakini jarida la kilimo au afya husubiri bila kuharibika.

Majarida ya bure yana hesabu nyingine. Si Mchezo!, lililoanzishwa mwaka 2003 kwa vijana wa vijijini, liligawiwa bila malipo. Hapo deni halipo, ila msambazaji lazima achague kati ya kutawanya nakala mojamoja katika vijiji vingi na kuweka fungu kwenye vijiji vichache. Fungu linalokabidhiwa kikundi, shule au zahanati yenye mtu wa kulitunza husomwa na wengi zaidi, hata kama orodha ya vijiji vilivyofikiwa itakuwa fupi.