Kodi iliyomng'oa mtemi: Historia fupi ya Unyanyembe na ukoo wa Fundikira

Ukipanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dodoma kwenda Tabora, unafuata mwelekeo ule ule wa misafara ya karne ya 19. Wapagazi walitoka pwani ya Bagamoyo, wakapita Mpwapwa na Ugogo, kisha wakaingia Unyamwezi. Walirudi na pembe za ndovu, na mara nyingi na watumwa pia.

Katikati ya njia hiyo, pale ilipo Tabora ya leo, kulikuwa na utawala mdogo ulioitwa Unyanyembe. Ulitajirika kwa sababu ya njia ya biashara, na njia hiyo hiyo ndiyo iliyouponza.

Unyanyembe ulikuwa utawala wa namna gani?

Unyamwezi haukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Mtemi hakuwa mwanasiasa tu: aliamua kesi, aliongoza matambiko na alitegemewa kuleta mvua. Tembo akiuawa katika nchi yake, pembe moja ilikuwa yake.

Zamani urithi ulipita upande wa wanawake, yaani mtoto wa dada wa mtemi ndiye aliyerithi kiti. Biashara ilipokua na mali kuongezeka, watemi wakaanza kuwaachia watoto wao wa kuwazaa. Hapo ndipo kila kifo cha mtemi kikawa na hatari ya kuzaa ugomvi.

Kwa nini Waarabu walipiga kambi hapo?

Tabora ni njia panda. Upande wa magharibi unaelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, kaskazini unaelekea Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakajenga makazi yao Kazeh, ndani ya nchi ya mtemi Fundikira. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, waliwakuta wameshazoea maisha: nyumba kubwa za tembe, bustani, na maghala ya bidhaa.

Kwa Fundikira mpango huu ulikuwa na faida. Wageni walileta nguo, shanga na bunduki, na bidhaa zao hazikutozwa kodi.

Kodi ilileta balaa gani?

Fundikira alifariki karibu mwaka 1858. Aliyerithi ni Mnywa Sele, na yeye aliangalia mambo kwa jicho tofauti. Mali nyingi inapita kwenye ardhi yake, hazina yake inapata nini? Akatangaza kodi kwa bidhaa za wafanyabiashara.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kule Ugogo, nchi inayozunguka Dodoma, watemi walitoza hongo kila msafara uliopita, na misafara ililipa huku ikinung'unika. Ugogo ni nchi kavu, na bila ruhusa ya mwenyeji hakuna maji ya kisima wala chakula. Msafara uliogoma ungekufa kiu.

Sasa kwa nini Mnywa Sele alishindwa wakati Wagogo waliweza? Wagogo walimtoza mpita njia. Mnywa Sele alimtoza mtu ambaye tayari anaishi ndani, ana nyumba, ana bunduki, na ana marafiki ndani ya ukoo wa mtemi mwenyewe. Waarabu walikataa kulipa, wakamfukuza, wakamweka mtu mwingine wa ukoo huo huo, Mkasiwa.

Mnywa Sele hakukubali yaishe. Aliingia porini na wafuasi wake, akapigana kwa miaka kadhaa na kuvuruga misafara. Speke aliporudi mwaka 1861 alikuta vita vinaendelea. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865.

Baada ya hapo kiti cha Unyanyembe kilibaki kwenye ukoo, lakini kila mtu alishajua kwamba mgeni mwenye bunduki anaweza kuchagua nani akikalie.

Mirambo, Isike na Wajerumani

Udhaifu huo ulionekana mwaka 1871. Mirambo, mtemi wa Urambo, magharibi ya Tabora, aliingia vitani na Waarabu kuhusu njia ya kwenda Ujiji. Agosti mwaka huo watu wake walivamia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijikuta upande wa Waarabu walioshindwa. Mirambo aliendelea kuwa tishio hadi kifo chake mwaka 1884.

Mkasiwa alifariki mwaka 1876, akafuata Isike. Huyu hakutaka kuwa kivuli cha mtu. Wajerumani walipopandisha bendera yao Tabora mwaka 1890, walikubaliana na Waarabu, lakini Isike akabaki mpinzani. Mwaka 1892 walishambulia boma lake wakashindwa.

Januari 1893, Tom von Prince alifanikiwa kuingia. Isike alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani, ili asikamatwe. Wajerumani wakampa madaraka mwanamke aliyeitwa Nyaso. Kwa mara nyingine, mgeni akachagua mtawala.

Ukoo uliishia wapi?

Haukuishia hapo. Chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, utemi uliendelea, ila mtemi sasa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na angeweza kuondolewa na afisa. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na kazi ya wapagazi kwenye njia hiyo ikafifia.

Mtemi wa mwisho kutawala, Abdallah Fundikira, aliyezaliwa mwaka 1921, alisoma Makerere na kuwa waziri wa sheria katika baraza la Mwalimu Nyerere. Alijiuzulu mwaka 1963, mwaka ule ule serikali ilipofuta madaraka ya machifu nchini. Alifariki mwaka 2007.

Swali la Mnywa Sele, hata hivyo, halikufutwa na sheria yoyote. Mali ya mgeni ikipita kwenye ardhi yako, nani anapanga kodi, na ana nguvu gani ya kuikusanya? Yeye alijibu nusu ya kwanza tu.