Kubana Maji Bila Kuhatarisha Afya

Mwezi Oktoba 2022 ukame ulishusha kina cha Mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, na jiji likaingia katika mgawo. Ndoo na madumu yalijaa majumbani, na kila familia ikalazimika kuamua maji machache yaliyopo yatumike wapi kwanza.

Uamuzi huo ni wa kiafya. Ni rahisi kuanza kwa kuacha kunawa mikono, huku choo kikiendelea kuvutwa kama kawaida. Hesabu inaonyesha kosa lilipo. Tangi la choo la aina ya zamani humwaga lita 9 au zaidi kila linapovutwa. Nusu lita ikitiririshwa kidogo kidogo, kwa kopo au kibuyu chirizi, hutosha kunawa mikono kwa sabuni. Maji ya kuvuta choo mara moja, basi, yangetosha kunawa mara 18. Anayeacha kunawa huokoa maji kidogo mno, na hukaribisha kuhara na kipindupindu.

Penye nafuu kubwa ni kwingine. Maji yaliyosuuzia nguo yafaa kumwagwa chooni au kupigia deki. Yaliyooshea mboga yafaa kunyweshea bustani. Bomba linalovuja litengenezwe mapema.

Maji ya akiba nayo yana hatari yake. Mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi, hutaga katika mapipa yaliyo wazi, na mayai yake hunata ukutani mwa chombo. Kwa hiyo pipa lifunikwe barabara, na kila wiki lisuguliwe ndani kabla ya kujazwa upya. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, kisha yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ili mikono isiyaguse.

Wapo wasiopaswa kubaniwa maji ya kunywa: mtoto anayeharisha, mama anayenyonyesha, mgonjwa mwenye mawe ya figo. Pakiti ya ORS iliyoandikwa lita 1 huyeyushwa katika lita 1 kamili ya maji safi na salama. Ikichanganywa na maji pungufu, chumvi huzidi na huweza kumdhuru mtoto.

Kwa sababu hiyo, wakati wa ukame mhudumu wa afya hana budi kumuuliza mgonjwa, kabla ya kumwandikia dawa, nyumbani kwake kuna maji kiasi gani. Maelekezo yatokane na jibu hilo.