Upigaji Picha wa Nyuklia katika Utambuzi wa Maambukizi ya Vali Bandia za Moyo

Vali bandia ya chuma huakisi mawimbi ya ekokadiografia, hivyo jipu lililo nyuma yake huweza kutoonekana. Kipimo cha PET/CT huziba pengo hilo: glukosi yenye florini-18 hukusanyika katika seli za kinga zilizozingira vali. Mwaka 2015, mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Kadiolojia uliifanya ishara hiyo kigezo kikuu. Hata hivyo, kinachong'aa ni mwitikio wa mwili, si bakteria wenyewe. Jeraha la upasuaji nalo hung'aa; ndiyo maana mwongozo ulitaka zaidi ya miezi 3 iwe imepita. Tena misuli ya moyo hutumia glukosi: mgonjwa asiyefunga na kuacha wanga kabla ya kipimo huweza kudhaniwa ana maambukizi, hata akafunguliwa kifua bila sababu. Shaka ikibaki, seli nyeupe za damu zilizotiwa kinururishi hubainisha vizuri zaidi, ingawa maandalizi yake ni marefu.