SIMU MKONONI, AKILI KICHWANI

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma. Hongera sana. Leo gazeti lako linazungumza nawe juu ya kitu ulicho nacho mfukoni. Kitu hicho ni simu.

Zamani mzazi wa Mpwapwa alipotaka kumsalimu mwanawe aliye Dar es Salaam, alipeleka barua. Kama hakujua kuandika, aliandikiwa na mwalimu au mtoto wa jirani. Jibu lilipokuja, alisomewa. Basi siri yake ilikuwa ya watu wawili, na pengine ya kijiji kizima.

Sasa barua inakuja kwa simu. Inafika mara moja. Tangu mwaka 2008 hata pesa hutumwa kwa simu hapa nchini. Je, asiyejua kusoma anafanyaje? Anampa mtu mwingine simu yake. Anamtajia hata namba ya siri. Ni sawa na kumpa mgeni ufunguo wa ghala la mtama.

Wewe unayesoma unashika ufunguo wako mwenyewe. Hiyo ndiyo faida yako. Lakini kusoma maneno ni jambo moja. Kuyapima ni jambo jingine.

REDIO MOJA, WATU WENGI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoiongoza. Kwa majuma 12 redio ilitoa vipindi juu ya malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Nchi nzima, karibu watu milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kujifunza.

Walijifunzaje? Kwanza, walisikiliza redio pamoja. Pili, mmoja wao alisoma kitabu kwa sauti. Tatu, walijadiliana: Je, jambo hili lipo hapa kwetu? Nne, walikubaliana la kufanya. Halafu wakaenda kulifanya. Walichimba vyoo. Walifyeka majani karibu na nyumba. Walifukia madimbwi.

Redio ilikuwa moja na watu walikuwa wengi. Sasa simu ni nyingi. Watu sita wanakaa chini ya mbuyu mmoja, kila mmoja na simu yake. Hawaongei. Kila mmoja anacheka peke yake.

Lakini tuseme kweli. Redio ilikuwa na upungufu. Ilisema, lakini haikukusikia. Ukiwa na swali, redio iliendelea na maneno yake. Kwa simu unaweza kuuliza na kujibiwa. Hapo ndipo ilipo nguvu yake.

KUNDI LINAWEZA KUFUNDISHA

Siku hizi watu hufungua makundi ya WhatsApp. Yapo makundi ya ukoo, ya harusi, ya msiba, ya wakulima na ya wazazi wa shule.

Makundi haya yanaweza kutusaidia. Mkulima wa zabibu akiona madoa kwenye majani, anaweza kupiga picha na kumpelekea bwana shamba. Mkulima wa mahindi anaweza kuuliza bei ya soko la Kibaigwa kabla hajapakia magunia yake. Mlanguzi hatamdanganya kwa urahisi. Jibu moja likiandikwa kwenye kundi, watu wengi hujifunza.

KUNDI LINAWEZA KUDANGANYA

Hapa Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, kati ya Novemba na Aprili. Ukikosea kupanda, umekosa chakula cha mwaka.

Sasa tuseme ujumbe unaingia kwenye kundi: "Mvua kubwa zinaanza wiki hii. Pandeni haraka. Mtumie kila mtu." Nani kauandika? Hajulikani. Jirani kaletewa na shemeji yake. Shemeji kaletewa na mtu wa mjini. Wewe unapanda mtama wako wote. Mvua inanyesha siku mbili. Halafu jua linawaka majuma matatu. Mbegu imekufa. Aliyeandika ujumbe ule hana shamba. Njaa ni yako.

Utabiri wa mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hutangazwa kabla ya msimu. Usikilize, kisha zungumza na bwana shamba wa kwenu. Utabiri nao si ahadi. Lakini anayeutoa anajulikana, na anaweza kuulizwa.

Fanya hivyo hivyo kwa habari za dawa. Mtu akituma kwenye kundi dawa ya kutibu kila ugonjwa, usimnyweshe mtoto. Mpeleke zahanati.

Tena kumbuka, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kutangaza habari unayojua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha watu, ni kosa.

MANENO YASIYO NA USO

Barazani unamwona mwenzako. Ukimtania, unaona kama amecheka au amenuna. Ukikosea, unasema papo hapo, "Nisamehe, ndugu yangu." Kwenye simu huoni uso. Utani wako unasomwa kama tusi. Ukoo mzima unausoma. Kesho mtu na mdogo wake hawasalimiani.

Tena neno la mdomoni husahauliwa. Neno lililotumwa hubaki katika simu za watu. Picha ya mgonjwa au ya binti wa mtu ikishatoka, huwezi kuirudisha yote.

Kwa hiyo ugomvi usiandikwe. Nenda ukamwone mwenzako. Kama yuko mbali, mpigie akusikie sauti. Simu imewaleta karibu watoto wetu walio mbali. Isiwapeleke mbali wale tunaolala nao nyumba moja.

WEZI WA KWENYE SIMU

Wapo wezi wanaojua sana kuandika. Mmoja anaandika, "Ile pesa itume kwenye namba hii." Anangoja mtu anayedaiwa, naye atume bila kuuliza. Mwingine anapiga na kusema mwanao ameanguka shuleni, tuma pesa za hospitali upesi. Mwingine anajifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Wote wanataka jambo moja: ufanye haraka kabla hujafikiri. Basi usifanye haraka. Mpigie mwenye deni lako kwa namba unayoijua. Mpigie mwalimu. Kampuni za simu huwapigia wateja wao kwa namba 100 tu. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote.

Ukiletewa ujumbe wa kitapeli, utume kwenda namba 15040. Utaulizwa namba ya tapeli. Iandike na uitume. Namba hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, bonyeza *106#. Ukiona laini usiyoijua, toa habari kwa kampuni ya simu.

TUFANYE NINI?

1. Soma ujumbe mpaka mwisho. Usisome nusu.
2. Uliza: Nani kaandika? Anajuaje? Anapata faida gani?
3. Kama hujui jibu, usimpelekee mwingine.
4. Jambo zuri la kilimo au afya lipeleke kikundini. Lisomeni kwa sauti, mjadiliane, mkubaliane, mkafanye.
5. Msaidie asiyejua kusoma. Usimsomee tu. Mfundishe.

Vikundi vya mwaka 1973 vilijulikana kwa vyoo walivyochimba. Je, kundi lako la simu litajulikana kwa nini?

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni ujumbe gani wa uongo uliowahi kufika hapa kijijini kwetu? Ulileta hasara gani?
2. Ni nani hapa kwetu bado humpa mwingine namba yake ya siri kwa sababu hajui kusoma? Tutamsaidiaje kabla ya mavuno?